Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Wakili alichora mstari katikati ya karatasi, kutoka juu mpaka chini. Upande mmoja akaandika Faida, upande wa pili Hasara, kisha akaigeuza karatasi imwelekee mteja wake.

"Kabla hatujafungua shauri, mama, tupime kwanza."

Mteja mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, vidole vimejaa makovu ya sindano, nyuzi za kitambaa zimemganda kwenye sketi. Mtaani walimwita Fundi, basi, utadhani hakuna fundi mwingine duniani. Kazi yake makochi: kuvua kitambaa kilichochoka, kutoa sponji iliyolala, kufunga springi upya na kuvalisha kitambaa kipya. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, ambaye watu wote walimwita Mzee, katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mzee mwenyewe, ambacho ndicho karakana yake mpaka leo. Sasa Mzee alikuwa na mwezi mmoja kaburini, na nyumba hiyo ndiyo iliyomleta Fundi kwa wakili.

Upande wa Faida wakili aliandika neno moja: nyumba. Upande wa Hasara kalamu ilikaa muda mrefu. Ada ya mahakama. Ada ya wakili. Mwaka mmoja, pengine mitatu. Kila siku ya shauri, karakana imefungwa na wateja wanahamia kwingine. Mambo ya chumbani kwenu yatasomwa mbele ya watu msiowajua.

"Na mdogo wako," alisema wakili. "Ukishinda umempoteza. Ukishindwa umempoteza, na nyumba juu yake."

"Huyo nilishampoteza zamani."

"Mmekaa mkazungumza lakini?"

"Tumezungumza mpaka mate yametukauka," alijibu Fundi bila kupepesa macho.

Ulikuwa uongo mkavu. Mazungumzo yenyewe hayakufika hata dakika mbili. Mdogo wake, dereva wa lori la masafa marefu ambaye tangu ujana aliitwa Gia, alikuja karakana wiki ya pili baada ya mazishi, bahasha mkononi, kofia kwapani, akasema, "Dada, kuna karatasi Mzee aliniandikia. Nyumba kanipa mimi, lakini..." Hiyo lakini ndiyo ilikuwa na maneno, ila haikupewa nafasi. Fundi aliipokonya karatasi, akaisoma kwa kusimama, akafika kwenye sahihi, akaikunja na kumrushia nayo usoni. Alimwita mwizi. Alimwambia tutaonana mahakamani. Gia alimjua dada yake tangu anavaa kaptula, na alijua kwamba akipandisha hasira hata Mzee mwenyewe alikuwa akijitafutia kazi ya nje. Aliiokota karatasi akaondoka. Alidhani ni hasira za siku moja. Na laiti zingekuwa za siku moja!

Fundi hakuona haja ya kungoja, kwa sababu ile sahihi ilimwambia kila kitu. Ilikuwa imepinda, inatetemeka, imeanguka nje ya mstari. Gia, akiiokota karatasi, alidai Mzee aliiandika kwa mkono wa kushoto maana wa kulia ulikuwa umechoka. Mkono wa kushoto! Mzee hakuwahi kushika hata kijiko kwa mkono huo. Na shahidi aliyeandikwa kwenye hati alikuwa mmoja tu, seremala wa jirani, ambaye naye alifariki wiki moja baada ya Mzee. Kwa hiyo wa kuulizwa hakuwepo.

"Anasema mkono wa kulia ulikuwa umechoka," Fundi alimwambia wakili, akicheka kwa dharau.

"Na ulikuwa umechoka?"

Ukweli ni kwamba mkono wa kulia wa Mzee haukuchoka tu, ulikufa. Kiharusi kiliupiga miaka mitatu kabla hajaondoka duniani, na tangu siku hiyo ulining'inia bila kufanya lolote. Lakini Mzee alikuwa na majivuno yake. Mtu aliyeshona viti vya mabehewa ya reli maisha yake yote hawezi kuonekana na mkono wa namna hiyo. Aliutia mfukoni mwa koti, jua liwake lisiwake, na mtu akimuuliza anasema unaendelea vizuri. Fomu za pensheni zikija, au mteja akitaka stakabadhi yenye sahihi yake, Mzee alirudishia mlango na kusema, "Niazime mkono, mwanangu." Fundi alisaini jina la baba yake kwa mwandiko wa baba yake, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho, mpaka Mzee akawa anacheka na kusema ameibiwa mkono akiwa hai. Hakuna mwingine aliyejua. Gia alikuwa barabarani wiki tatu katika kila mwezi, na alipofika alimkuta baba yake amekaa, koti mwilini, stori tele.

"Ulikuwa mzima wa kutosha," Fundi alimjibu wakili.

"Basi niletee sahihi zake. Za karibuni hasa."

Nyumbani Fundi alilifungua boksi la viatu lililokuwa na makaratasi ya Mzee. Za zamani zilikuwepo, chache, zimepauka. Za miaka mitatu ya mwisho zilikuwa lundo, nzuri, zimenyooka, na zote zilitoka mkononi mwake yeye. Aliziangalia. Moyo ulimpiga mara moja, akaukemea. Alijiambia kwamba Gia ameghushi, na mtu aliyeghushi hana haki ya kujua nani alishika kalamu kwenye stakabadhi za makochi. Kesho yake akalibeba boksi lote.

"Zote hizi ni mkono wake?" aliuliza wakili.

"Zote."

Wakili aliandika hilo. Baadaye Fundi alikula kiapo na kutia sahihi, safari hii jina lake mwenyewe, na shauri likapewa namba.

Siku Gia alipopata hati ya wito alikwenda karakana, akasimama mlangoni. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, anavuta kitambaa kwa koleo na kupiga pini kwa bastola yake ya upepo.

"Dada, umenishtaki?"

Pini tatu zikaingia kwenye mbao, moja baada ya nyingine.

"Dada, mimi sina wakili. Nitasema nini mbele ya wale watu? Mimi najua barabara tu."

"Utawaambia ulichomfanyia baba yako."

Gia alisimama pale muda mrefu, anaizungusha kofia mikononi. Alifungua kinywa mara mbili. Mara zote mbili bastola ya pini ilimwahi. Alipoondoka, Fundi aliona amekivuta kitambaa upande, ikabidi akifumue chote.

Mtaa ukagawanyika. Mama wa duka la sukari alikuwa upande wa Fundi, kinyozi upande wa Gia, na wengine walikuwa upande wa umbea tu. Mke wa Gia akaacha kumsalimia. Watoto wa Gia, waliozoea kuja karakana kuokota vipande vya sponji, walikatazwa. Wateja wawili walichukua viti vyao kabla havijaisha, wakisema samahani nyingi. Fundi alijikaza. Kila alipolemewa alikumbuka ile sahihi iliyopinda, na damu ikamchemka upya, akapata nguvu.

Mahakama ikamteua mtaalamu wa maandishi. Miezi minne baadaye ripoti ilitoka, na wakili akampigia simu aje haraka.

"Umeshinda, mama. Bado kutangaza tu." Aliisoma ripoti kwa sauti. Sahihi iliyoko kwenye hati ya nyumba haikuandikwa na mkono ulioandika vielelezo. Vielelezo vinaonyesha kwamba marehemu alikuwa na mkono wa kulia imara mpaka mwezi wake wa mwisho, kwa hiyo maelezo ya mdaiwa kuhusu mkono wa kushoto hayana msingi.

Fundi alipiga makofi kama mtoto. Wakili hakupiga.

"Kuna jambo la pili. Hakimu amesema akiridhika baada ya kukusikia wewe, hati hii inakwenda polisi. Kughushi si shauri la madai tena. Ni jinai. Mdogo wako anaweza kwenda jela miaka."

"Miaka mingapi?"

"Saba hivi. Inategemea."

Fundi alirudi kwa miguu. Alijiambia saba si yake, saba Gia kajitafutia mwenyewe. Alijiambia hivyo kutoka ofisi ya wakili mpaka sokoni, na kutoka sokoni mpaka mlangoni kwake, na alipofika alikuwa bado hajajiamini.

Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja mstaafu alileta kiti chake cha kukalia akisoma. Kilivalishwa hapohapo karakana mwaka uliopita, ila paka wake alikuwa amekichana kama ana kisasi nacho. Mwalimu alitaka kitambaa kigumu zaidi. Fundi akakipindua na kuanza kung'oa pini.

Mafundi wa makochi wana tabia moja ambayo wateja hawaijui. Kabla ya kuvalisha kitambaa, fundi husaini kwenye mbao ya ndani kwa penseli na kuweka tarehe, ili siku kiti kikifunguliwa ajulikane nani alikifanya. Fundi alitegemea kuona jina lake. Halafu akakumbuka kwamba kiti hiki hakukifanya yeye. Wakati ule alikuwa kitandani siku nne, homa imemwangusha, na Mzee alisema atavalisha mwenyewe akisaidiwa na seremala wa jirani. Wazee wawili, mikono mitatu. Fundi aliwacheka akiwa na homa yake.

Alivuta kitambaa. Sponji ikatoka. Chini yake, kwenye ubao wa mbele, lilikuwepo jina la baba yake limeandikwa mara kumi na moja.

La kwanza lilikuwa mikwaruzo tu, huwezi kusoma kitu. La pili hivyohivyo. La nne lilikuwa na herufi mbili zinazotambulika. Kuanzia la saba lilisomeka, limepinda, linatetemeka, linateremka upande. La kumi na moja lilikuwa ile sahihi ya kwenye hati ya Gia, ileile, na mkia wake mfupi uliokwenda juu badala ya kwenda pembeni. Pembeni yake ilikuwa tarehe. Hati ya nyumba ilisainiwa siku mbili baada ya tarehe hiyo.

Fundi alikaa chini sakafuni, katikati ya pini.

Tuseme kweli: kitu cha kwanza alichokisikia hakikuwa huruma kwa mdogo wake. Kilikuwa wivu. Kumbe Mzee alijifunza mkono mpya, mtu wa miaka sabini na nane, anakwaruza ubao kama mtoto wa chekechea, ili tu asimwombe yeye amwazimie wake. Kumbe kulikuwa na karatasi moja ambayo hakutaka aiguse. Na nyumba akampa yule aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi na mkungu wa ndizi. Aliyemwosha na kumlisha aliachiwa nini? Alilia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka. Hofu ilikuja baadaye, polepole.

Alichukua kipande cha karatasi ngumu ya kukatia vitambaa, akachora mstari katikati kama alivyofundishwa. Akisema ukweli, Gia anapona. Hilo aliliandika. Upande wa pili akaanza kuandika, nyumba, kisha akakumbuka boksi la viatu, na kiapo, na fomu za pensheni moja moja, miaka mitatu, na kalamu ikakataa kwenda.

Kesho yake alikuwa kwa wakili.

"Mtu akitaka kuondoa shauri, inawezekana?"

"La madai, ndiyo. Utalipa gharama za mdaiwa, basi. Lakini hakimu ameshaisoma ripoti. Hawezi kujifanya hakuiona, na hati atataka ifuatiliwe hivyohivyo."

"Na kama..." Fundi alikisogeza kiti chake mbele. "Kama ikatokea kwamba mtu mwingine alikuwa anamsainia marehemu? Kwa ruhusa yake. Baba anasema, mtoto anasaini."

Wakili aliiweka kalamu chini taratibu.

"Kwenye fomu za pensheni pia?"

Fundi aliokota uzi kwenye sketi yake.

"Mtu huyo," alisema wakili, akiangalia dirisha, "atasimama pale anaposimama mdogo wako sasa. Na kama alizileta mahakamani kwa kiapo, atasimama hapo mara mbili. Mama, usiniambie jambo ambalo nikishalisikia sitaweza kukutetea. Shauri ni Alhamisi. Nenda nyumbani ukapumzike."

Fundi hakupumzika. Jumanne mwalimu alikuja kuulizia kiti chake, akasema atakifuata jioni. Fundi alimwangalia mzee yule mpole na miwani yake, akafikiri, nikimwambia aingie ndani aone huu ubao, mambo yamekwisha. Hakumwambia. Alikata sponji mpya, akaipanga juu ya majina yote kumi na moja, akavuta kitambaa kigumu na kukipiga pini mara mbili ya kawaida. Mwalimu alikisifu sana kiti. Alisema safari hii paka ameshindwa.

Lakini bado Fundi hakuwa amekata shauri, na hilo lazima lisemwe kwa ajili yake. Alhamisi asubuhi aliamka, akaoga, akajiambia atasema. Ubao hauhitajiki. Mdomo anao.

Alimkuta Gia kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha hakimu. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kola imembana. Alimsogezea dada yake nafasi ya kukaa, kama mazoea, halafu akaona haya.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

Karani alipita na mafaili. Walingoja apite.

"Dada, mimi sijui haya mambo yataishaje," alisema Gia kwa sauti ya chini. "Lakini nilichotaka kukwambia siku ile nikuambie leo, maana huko ndani hawatanipa nafasi. Mzee alisema chumba cha mbele ni chako mpaka siku yako ya mwisho, na nyumba nisiiuze. Nikamwambia basi andika na hilo. Akasema mkono umemchoka, jina lenyewe limemtoa jasho. Akasema, dada yako ana kazi mkononi, wewe ukizeeka na hilo lori utakuwa na nini? Akasema neno langu kwako litatosha."

Fundi alimgeukia.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema 'lakini'. Ukanirushia karatasi."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko mtu anavyofikiri, feni moja, madirisha juu. Askari alisimama mlangoni. Fundi alipanda kizimbani, akaapa. Wakili hakumwangalia usoni. Aliinua zile stakabadhi na fomu, zimefungwa kwa utepe mwekundu, akauliza lile swali moja ambalo kila kitu kilikuwa kinalingojea.

"Shahidi, sahihi zilizoko kwenye vielelezo hivi ni za nani?"

Fundi alimwona Gia amekaa wima, mikono juu ya magoti. Aliliona jibu likiwa tayari mdomoni mwake, maneno mawili tu, ni zangu. Halafu akamwona askari. Akaona mikono yake mwenyewe imeshika ukingo wa kizimba, mikono mizima yote miwili, akaiwazia miaka saba bila sindano, sitini ikimkuta hukohuko. Alikuwa anaogopa. Hakuwa na sababu nyingine. Nyumba haikuwemo tena kichwani mwake, wala wivu. Aliogopa tu, kama anavyoogopa mtu yeyote.

"Ni za baba," alisema.

Hakimu aliandika. Kisha akamgeukia Gia, akamwambia kwamba kwa kuwa hana wakili, ana haki ya kumuuliza shahidi maswali.

Gia alisimama. Aliziangalia zile karatasi kwa mbali, uso umekunjamana, anafikiri kwa bidii.

"Sina swali, mheshimiwa," alisema. "Dada ndiye aliyemtunza Mzee. Mimi sikuwepo. Kama Dada amesema huo ndio mkono wa Mzee, basi ndio. Dada yangu ana hasira, lakini uongo hana. Labda siku ile Mzee alinifanyia kitu nisichokielewa. Sijui. Mimi niliona anaandika."

"Unakubali, kwa hiyo, kwamba vielelezo ni sahihi halisi za marehemu?"

"Dada ameapa, mheshimiwa. Nakubali."

Fundi alifungua kinywa. Hakimu alikuwa ameinama, anaandika tena, kalamu inakwenda haraka, na askari alikuwa ameshasogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Shahidi," alisema hakimu bila kuinua kichwa, "tumemaliza na wewe. Unaweza kushuka."

Akashuka.